Shajara ya kijito chetu: mkuyu, miwa na vidagaa

Juni, wiki ya pili

Kijito chetu hakina jina kwenye ramani. Kinashuka kutoka milima ya Uluguru, hapa Morogoro, kinapita nyuma ya bweni la wasichana, kinaingia mto Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo wanayokunywa watu wa Dar es Salaam. Sehemu nyingi unakivuka kwa hatua mbili. Masika yameisha, maji yametakata, na ukisimama kimya unaona vidagaa vimeelekeza vichwa maji yanakotoka, vikitikisa mikia ili visichukuliwe.

Mradi wenyewe umezaliwa na ubishi. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili habari za vyanzo vya maji, nikasema kama vitabu vinavyosema, kwamba miti ya ukingoni ikikatwa samaki wanapotea. Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Madam, kwa bibi miwa imefika mpaka majini, mti hakuna hata mmoja, na samaki wapo wengi kuliko kule kwenye mkuyu." Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa nimewahi kwenda kuhesabu.

Basi tunahesabu. Tumechagua vipande viwili vya kijito. Cha juu kiko chini ya mkuyu mkubwa na mizambarau mwitu. Mizizi yake imening'inia majini kama nywele, myekundu. Cha chini ni kwa bibi, mwendo wa dakika tano, miwa kulia na kushoto. Vifaa: chupa sita za maji za lita moja na nusu, tumezikata shingo na kuirudisha kinyumenyume ili samaki aingie asitoke; pumba ya mahindi ya chambo; kipimajoto cha maabara; na ndoo nyeupe, kwa sababu kwenye ndoo nyeusi kidagaa hukioni. Serikali ya kijiji tumeiaga. Kila samaki anarudishwa alipotolewa, na hilo nimelirudia mara tatu mbele ya wavulana wa bweni, ambao nawajua njaa yao.

Juni, wiki ya nne

Msichana wa kwa bibi ameshinda.

Chupa tatu za kwenye miwa, kwa saa mbili: samaki 19. Chupa tatu za chini ya mkuyu, muda uleule: 4. Saa nane mchana maji ya mkuyuni yalikuwa nyuzi 20, ya kwenye miwa 24. Nimerudi nyumbani nimenuna kama niliyenyang'anywa kitu.

Tumewaangalia kwenye ndoo. Wengi ni aina moja, urefu wa kidole cha mwisho, rangi ya fedha, na kwenye shavu, pale kifuniko cha matamvua, kuna doa la rangi ya chungwa kana kwamba mtu amelichovya kwa kijiti. Huyo ni Enteromius kerstenii. Vitabu vya zamani vinamwita Barbus. Jina ni la Otto Kersten, Mjerumani aliyesafiri na mpelelezi von der Decken kwenye nchi hizi, na Wilhelm Peters, mtaalamu wa wanyama, ndiye aliyemwandika samaki huyu kitaalamu mwaka 1868. Watoto hapa wanamwita kidagaa tu, kama wanavyomwita kila samaki asiyejaza mkono. Wengine kwenye miwa walikuwa vifaranga vya perege.

Kwa nini huko? Jua linafika majini, mawe na vijiti vimeota utelezi wa kijani, na utelezi ule ni chakula. Maji ya uvuguvugu humkuza samaki mdogo haraka. Kwa hiyo si kweli kwamba jua ni adui wa kila samaki. Nimeandika sentensi hiyo ubaoni na nimeipigia mstari, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Julai, wiki ya pili

Leo ndipo nilipoelewa kwamba chupa zilikuwa zinatuambia nusu ya habari.

Kuna mvulana mmoja ambaye chupa zinamchosha. Wakati wenzake wanasubiri, yeye alilala kifudifudi chini ya mkuyu akawa anapapasa chini ya mawe. Akapiga kelele. Alichotoa ni kikambale kidogo, si kambale huyu wa sokoni. Urefu wa kidole cha kati, kahawia yenye mabaka, tumbo bapa kama limepigwa pasi, mapezi ya mbele mapana yametandazwa ubavuni, na macho yamekaa juu ya kichwa. Tulipomweka kwenye ndoo hakuogelea. Alijibandika chini akatulia, akitutazama.

Kitaalamu ni Amphilius. Mmoja wa ukoo huo anaitwa uranoscopus, maana yake mtazama mbingu, na Mjerumani Pfeffer, mtaalamu wa wanyama, alimwandika mwaka 1889 kutokana na samaki wa milima ya Nguru, ambayo iko mkoani humuhumu. Darasa zima lilitaka kujua kwa nini Wajerumani walifika Nguru kutafuta kitu kidogo namna hii. Sikuwa na jibu zuri.

Tukafanya hesabu mpya: mawe thelathini ya ukubwa wa mkate yageuzwe kila kipande, tena taratibu, na kila moja lirudishwe lilivyokuwa. Chini ya mkuyu: vikambale 7, na kaa watatu wenye hasira. Kwenye miwa: sifuri. Na si sifuri ya bahati mbaya. Kwenye miwa jiwe halina "chini". Ukilishika limezama kwenye tope mpaka kiunoni. Ukiling'oa linaacha shimo linalojaa matope papo hapo. Yule samaki anaishi kwenye uwazi kati ya jiwe na jiwe. Humo ndimo anamojificha na kukamata wadudu wa majini, humo maji yenye hewa yanapita. Tope likijaza uwazi, mawe yapo ila nyumba haipo.

Tope linatoka ukingoni. Miwa imepandwa hadi ulimi wa maji, palizi inafanywa kwa jembe mpaka ulimi wa maji, na kila mvua ukingo unameguka kidogo. Kwa mkuyu ukingo haumeguki, mizizi imeushika.

Kuna na habari ya hewa. Maji yakiwa nyuzi 20, usawa wa bahari, yanaweza kushika karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika 30 yanashika kama 7 na nusu. Kidagaa cha doa la chungwa kinavumilia. Huyu wa mawe amezoea maji ya baridi yanayokimbia. Kwa hiyo swali letu la mwezi jana, "wapi kuna samaki wengi", lilikuwa swali baya. Linalofaa ni: samaki yupi.

Julai, mwisho wa mwezi

Jaribio la mifuko ya vitunguu limetoka maji. Wiki nne zilizopita tulijaza majani makavu kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu, mmoja majani ya mkuyu, mwingine ya mikaratusi iliyoko nyuma ya uwanja wa mpira, tukaifunga kwenye mzizi mmoja, majini. Leo mfuko wa mkuyu una mishipa tu, kama kitambaa kilichochakaa, na ndani tumekuta vijidudu vingi na kaa mdogo aliyeingia akanenepa akashindwa kutoka. Majani ya mikaratusi tungeweza kuyapiga pasi tukayauza. Bado yananukia.

Jani linaloanguka majini ni chakula cha wadudu na kaa, wadudu ni chakula cha samaki. Jani lenye mafuta makali linachelewa kulika. Hapa watu wanasema mkaratusi unakausha maji, na ni kweli unakunywa sana. Ila hata pale maji yalipobaki, meza inakuwa haijaandaliwa.

Agosti

Nilienda kwa bibi na wanafunzi wanne kumwomba turuhusiwe kupanda miti ukingoni. Alitukaribisha kwa magimbi ya kuchemsha na chai ya mchaichai. Akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, miwa si yangu. Ya kijana aliyeazima. Na shamba si lake wala langu peke yangu."

Shamba ni la ukoo, na kwa Waluguru ukoo unafuata mama. Kijana ameazimwa alime. Anaruhusiwa miwa, maharage, kabichi. Mti haruhusiwi. Aliyepanda mti wa kudumu ameanza kusema kwamba ardhi ni yake, na wajukuu wake watakuja kuuonyesha mti kama ushahidi. Tulikuwa tumekuja na miche arobaini ya mzambarau kumgombanisha mtu na wenye shamba.

Alipoitwa mjomba wa ukoo akaja na fimbo yake. Shikamoo zikapita, akauliza kama sisi ni wale wa mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mjomba alipima kwa macho: mita 60 upande huu zinameza shamba, nyumba ya bibi na nusu ya njia. Akatukumbusha mwaka 1955, Waluguru walipogoma kuchimba matuta ya mkoloni mpaka fujo zikatokea. Baba yake alikuwa mmoja wa waliokataa. "Kila anayekuja na kamba ya kupimia," alisema, "anasema anaokoa udongo wetu."

Nilimwambia hatuna kamba. Tuna chupa. Akacheka kidogo.

Tulikubaliana kutopanda kitu mpaka tuelewane kitu gani. Miche yetu ikabaki kwenye kitalu nyuma ya maabara.

Septemba, wiki ya tatu

Hili naliandika mwenyewe, sijamwachia mwanafunzi.

Miche ya kitaluni ilishambuliwa na vidukari. Pesa ya dawa hakuna, na mimi napenda dawa za asili, nikasema tutumie utupa. Mti wenyewe upo kila mahali huku, una maua meupe au ya zambarau na maganda yenye manyoya laini. Watu wanaupanda kurutubisha shamba na kufukuza fuko. Tukatwanga majani, tukaloweka usiku kucha, tukachuja, tukanyunyiza. Vidukari wakafa. Nikawapongeza.

Sikusema ndoo zioshewe wapi.

Walizioshea kijitoni, juu kidogo ya mkuyu, na masalia ya majani yaliyotwangwa wakayamwaga hapohapo. Wamefanya alichofanya kila mtu tangu azaliwe: chombo kichafu kinapelekwa majini. Kijito kimepungua sana mwezi huu, maji hayakimbii, yanasogea tu kutoka kidimbwi hadi kidimbwi. Baada ya muda mfupi mvulana wa mawe alikuja darasani anahema. Tulipofika, vidagaa vilikuwa juu ya maji, midomo wazi, vinazunguka kama walevi. Vingine vimekwisha kugeuka, tumbo jeupe juu. Chini ya mizizi ya mkuyu vikambale vilikuwa vimetoka mafichoni mchana kweupe, jambo ambalo hatujawahi kuliona, vimelala kwenye mchanga bila kujali mikono yetu. Tulihesabu 53 kabla sijasema basi, acheni kuhesabu. Kaa walikuwa wanatembea kama kawaida, wameanza kula.

Nilijua. Hicho ndicho kinachoniuma. Neno lenyewe linasema: utupa ni sumu ya samaki, babu zetu waliutwanga kuvulia kabla hatujazaliwa, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Ndani yake mna rotenoni. Haimzibi samaki pumzi kama watu wanavyodhani. Oksijeni inaingia kwenye matamvua, lakini seli zinashindwa kuitumia. Samaki anazama akiwa na hewa mwilini. Nimefundisha upumuaji wa seli kwa miaka tisa.

Tukachimba shimo mbali na maji tukafukia masalia. Wanafunzi wawili waliuliza kama wale samaki wanalika. Nikawakatalia kwa ukali ambao hawakuustahili.

Jioni nilienda kwa bibi kumwambia mwenyewe kabla hajasikia. Mjomba alikuwepo. Alinitazama muda mrefu. "Nyie si mlisema mnatulindia samaki?" Kisha, kwa sauti ya chini, akaniambia zamani wakitwanga utupa walikuwa na siku yake, wakati maji yamekatika vidimbwi, na kidimbwi cha juu kabisa hakiguswi. "Cha juu ni mbegu," alisema.

Kwenye miwa, chini, samaki wengi walinusurika. Jua na joto huivunja rotenoni haraka, na maji yalifika kule yakiwa yamepitia mwanga mwingi. Nadhani kivuli kile nilichokuwa nakisifu ndicho kilichoitunza sumu kidimbwini. Nimeliandika hilo pia ubaoni.

Ndoo ya utupa imepigwa msalaba kwa rangi nyekundu na inakaa kitaluni na mnyororo.

Oktoba

Hakuna la kuandika. Mitihani. Kijito kimebaki vidimbwi vitano.

Novemba, wiki ya tatu

Vuli imepiga usiku. Asubuhi kumbikumbi wametoka kwenye kila ufa wa ardhi, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba watoto wamenivuta wenyewe kwenda kijitoni.

Nimekaa kwenye jiwe nusu saa. Kumbikumbi wanagonga majani ya mkuyu, mbawa zinakatika, wanadondoka. Kumbikumbi mmoja anaangukia maji, anachora duara dogo, na kabla duara halijafika ukingoni, chubwi, hayupo. Mwingine. Mbawa tu ndizo zinazoendelea na safari. Kumbe vidagaa vipo! Havikutoka chini kwenye miwa, kwa sababu kati yetu na miwa kuna maporomoko madogo ambayo sidhani kidagaa anayapanda bila mafuriko. Vimeshuka kutoka juu, kutoka kidimbwi ambacho hatukukifikia. Nimemkumbuka mjomba.

Mvulana wa mawe amegeuza mawe thelathini. Kikambale mmoja. Amemrudisha akakaa kimya.

Hata mchwa, panzi, viwavi na siafu wanaoteleza kwenye matawi wanalisha samaki, si siku ya kumbikumbi tu. Mti unaoegemea maji unalisha kila saa, kidogo kidogo. Miwa haiangushi kitu cha maana, imesimama wima kama askari. Kinacholisha ni kile kinachoinamia maji.

Neno hilo, kuinamia, ndilo lililotufungulia mazungumzo na wenye shamba.

Desemba, kabla ya likizo

Kikao cha pili kwa bibi, safari hii na kijana wa miwa. Tumeacha habari ya miti. Nimeuliza ni mmea gani hauleti kesi ya ukoo, hauhitaji jembe, na unainama.

Mimi nilidhani magimbi: majani mapana, kivuli kizuri, yanapenda maji. Bibi akanikatiza. "Magimbi utayachimba, na ukichimba ukingo wote unakuja nao." Sikuwa nimefikiria hilo kabisa. Kijana ndiye aliyesema mabingobingo. Ana mbuzi wawili, anatembea mbali kutafuta majani. Mabingobingo hukatwa, hayang'olewi. Shina linachipua, mizizi inabaki ardhini, na yale ya mbele yanalala majini yenyewe. Mjomba akasema nyasi si mti, nyasi haina mwenyewe. Shauri likaisha hapo.

Wasiwasi wangu ni mmoja: kijito hiki ni chembamba, na mabingobingo yakiachiwa yanaweza kukifunika chote na kuziba njia ya maji. Tumekubaliana mstari mmoja, upande mmoja tu, upande wa kushoto unaomegwa zaidi, na mbuzi ndio watakaotulindia mpaka. Upande wa kulia jua liendelee kuingia, kwa ajili ya wale 19. Kijana amerudisha miwa nyuma hatua tatu. Hatua tatu si mita 60, najua.

Miche ya mizambarau tumeipeleka juu, karibu na kidimbwi cha mbegu, kwenye ardhi ambayo mjomba mwenyewe ametuonyesha kwa fimbo. Tumeibeba mikononi.

Januari, wiki ya pili

Mabingobingo yamefika kifuani. Ya mbele yamelala majini na mkondo unayachezesha. Tumeweka chupa mbili chini yake na mbili upande wa jua. Upande wa jua: 11. Chini ya mabingobingo: 6, watatu wana doa la chungwa, na mmoja ni mdogo kiasi kwamba tulimwona kwa kivuli chake ndani ya ndoo. Mkuyuni hatujaweka chupa wala kugeuza jiwe. Tumepaachia mpaka masika yapite.

Upande wa miwa tumegeuza mawe kumi badala ya thelathini ili tusipavuruge. Yote bado yamezama kwenye tope. Kijana anasema maji ya masika yatalisafisha kama ukingo hautaongeza jingine. Mjomba anasema tusubiri tuone. Tutarudi Juni kwa hesabu kamili. Bibi amesema chai itakuwepo, ila ile ndoo yenye msalaba isionekane kwake.